Laptopu na intaneti ndani ya semi: tulivyofunga, hatua kwa hatua

Dogo mmoja tunayepakia naye bandarini alinifuata kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, ameikumbatia laptopu kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. "Kaka, hebu nusa hapa." Nikanusa. Plastiki iliyoungua. Chaja alikuwa ameinunua Kariakoo siku mbili nyuma, na muuzaji akamhakikishia kuwa ni ya gari. Wala hakumdanganya. Ilikuwa ya gari kweli, ila gari dogo. Yeye kaichomeka kwenye tundu la sigara la Scania.

Anasoma Chuo Kikuu Huria, mwaka wa pili, na kazi za muhula zinamkuta barabarani kila mara, kwa sababu sisi wa njia ya Lubumbashi, Kongo, nyumbani tunapaona kwa msimu, kama maembe. Mimi laptopu naitumia kwa hesabu za safari: mafuta, posho, tozo, pancha, na kumrushia tajiri nakala za risiti kabla hajanipigia kuziulizia. Basi kutoka Vigwaza mpaka Nakonde ya Zambia, kila tuliposimama tulikuwa tunafunga kipande kimoja. Naandika tulivyofanya, pamoja na makosa niliyoyalipia mwenyewe miaka ya nyuma.

Haya yote ni ya gari lililosimama. Habari ya laptopu juu ya usukani gari likitembea, mimi simo.

Hatua ya 1: Laptopu

Kama unayo tayari, endelea nayo. Kama unanunua, chukua mtumba wa ofisini wa inchi 14, unaochaji kwa tundu la Taipu C na wenye diski ya SSD. Zile diski za zamani za kuzunguka hazimalizi mwaka na matuta na rasta zetu. Ya inchi 15 na nusu usiihangaikie, haikai vizuri mapajani ukiwa kitandani nyuma ya viti.

Hatua ya 2: Jua volti za gari lako

Semi nyingi za njia hii, ziwe Scania, Volvo, DAF, Actros, Howo au FAW, zina umeme wa volti 24. Fungua boksi la betri utakuta betri mbili za volti 12 kila moja, chanya ya hii imefungwa kwenye hasi ya ile, ndiyo maana zinajumlisha. Malori yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa ya volti 12, kama gari dogo. Usikisie, na usimuulize utingo.

Nunua testa ya namba, ile ya bei ndogo wanayotembea nayo mafundi umeme. Iweke kwenye DC, yaani umeme wa betri, waya mwekundu uguse kitufe cha katikati ndani ya tundu la sigara, mweusi uguse ukuta wa pembeni. Enjini ikiwa imezimwa utasoma 25 na kitu. Sasa washa enjini upime tena. Utasoma 27 na nusu, pengine 28 na ushee, kwa sababu altaneta inachaji. Namba hiyo ya pili ndiyo inayoua vitu. Chaja iliyoandikwa 12V peke yake itaungua papo hapo, kama ya dogo. Chaja iliyoandikwa 12V–24V inaweza kukufaa, lakini zile za bei ya kutupa zimetengenezwa kuishia 24 kwelikweli, na siku utakayoacha imechomekwa ukawasha gari, inakutana na 28. Tafuta iliyoandikwa mpaka 30 au 32.

Kabini nyingi za Ulaya zina matundu mawili, moja la 24 na jingine la 12, na maandishi yake yalishafutika kwa jasho la madereva watano waliokutangulia. Yapime yote mawili, kisha bandika plasta na uandike kwa kalamu. Tulipopima kabini ya dogo tukakuta tundu la pili upande wa utingo, volti 12 safi. Chaja yake ingekuwa hai mpaka leo kama angehama kiti.

Hatua ya 3: Chaja

Hapa nina upande wangu na siufichi: achana na invata, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kama laptopu yako inachaji kwa Taipu C. Chukua chaja ya gari ya Taipu C yenye wati 65 au zaidi, inayopokea volti 12 mpaka 30. Laptopu na chaja huongea zenyewe na kukubaliana volti, kwa kawaida 20, umeme unapita. Hakuna feni inayolia usiku, hakuna kupandisha umeme mpaka 230 halafu kuushusha tena mpaka 20 huku nusu ya raha ikiishia kwenye joto.

Angalia na waya. Waya wa kawaida wa Taipu C unaishia wati 60. Ukitaka zaidi lazima uwe ule ulioandikwa 100W au 5A. Waya wa simu uliookotwa chini ya kiti utachaji laptopu polepole mpaka udhani betri yake imekufa.

Kama laptopu yako ni ya pini ya duara, geuza adapta yake usome nyuma. Ikiwa imeandikwa 19V au 19.5V, kuna nyaya zenye Taipu C upande mmoja na pini ya duara upande wa pili, ambazo huiomba chaja volti 20. Laptopu nyingi za namna hiyo huipokea bila neno. Shida huwa kwenye zile zenye kisindano chembamba katikati ya pini. Hicho ndicho kinachoitambulisha adapta, na waya usio sahihi utakuwashia laptopu lakini hautaichaji. Nenda dukani na laptopu yako, jaribu palepale, ndipo ulipe.

Invata inakufaa ikiwa huna njia nyingine. Basi iwe ya volti 24, wati 300 zinatosha, na iwe ya mawimbi safi, siyo zile za mawimbi ya ngazi ambazo adapta inachomekwa inaanza kuvuma kama nyuki. Ifunge moja kwa moja kutoka betrini, siyo tundu la sigara, kwa waya wa milimita 4 za mraba, na fyuzi ya ampea 20 ikae karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa huku kwenye kabini, waya ukichunika njiani chini ya sakafu hakuna kitakachoukata mpaka moshi uonekane.

Wenzangu wa matenki ya mafuta: hatua hii ya kuvuta waya betrini iruke. Gari lenu lina kanuni zake za umeme, na bohari wakikuta waya wa kienyeji watakurudisha getini, na watakuwa na haki. Tumieni tundu lililotoka na gari.

Hatua ya 4: Betri, na namna nilivyopoteza siku nzima

Ukisoma sehemu moja tu, isome hii.

Miaka ya nyuma nilinunua invata ya volti 12 kwa sababu ilikuwa nusu ya bei ya ile ya 24. Fundi mmoja wa njiani akaniambia, "Betri moja si ni volti 12? Vuta hapo." Nikavuta. Ikafanya kazi, na balaa lilianzia hapohapo, maana kitu kikikubali siku ya kwanza huulizi tena. Wiki tatu nikawa bingwa wa kabini: laptopu, runinga ndogo, taa ya kusomea.

Kisha nikakwama foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, usiku tatu mfululizo. Alfajiri ya siku ya nne foleni ikasogea. Nikazungusha ufunguo, nikasikia tk, tk, tk. Nyuma yangu honi zinaanza. Kupata mtu mwenye nyaya za kujampisha zinazofika betri zangu ilinichukua saa mbili, na aliyenisaidia ni dereva wa Kizambia ambaye hata soda alikataa.

Kumbe hapo bado. Gari likawaka, likatembea, na asubuhi iliyofuata tk, tk, tk tena. Fundi wa kwanza akasema starta. Tukaishusha starta, tukaisafisha brashi, tukairudisha. Fundi wa pili akasema altaneta. Tukaishusha altaneta, nayo ilikuwa nzima. Mchana unaisha, mimi nimechafuka mpaka masikioni, na boksi la betri linatoa harufu ya yai viza. Wa tatu alikuwa mzee mmoja, hakushika hata spana. Akaomba enjini iwashwe, akatoa testa, akapima betri moja moja. Moja ilisoma 13. Nyingine ilisoma 15 na kidogo. Akanitazama. "Umevuta umeme wa kitu gani hapa?"

Akanieleza, na tangu siku hiyo nawaeleza wengine. Betri zikiwa zimefungwa moja nyuma ya nyingine, umeme wa altaneta unaopita kwenye hii ni uleule unaopita kwenye ile. Altaneta inaona jumla tu, 28. Haijui kwamba umeikamua moja peke yake. Ile uliyoikamua haijai hata siku moja, na ile uliyoiacha imejaa inaendelea kusukumiwa umeme isiouhitaji, inachemka, maji yanapungua, inatoa ile harufu. Unaua mbili kwa wizi wa moja.

Na hesabu ilikuwa wazi kama ningeipiga. Laptopu ya wati 60 na runinga ya wati 30 ni wati 90. Ukijumlisha na kile kinachopotea ndani ya invata, kwa volti 12 hiyo ni kama ampea 9. Saa tano kila usiku ni ampea-saa 45. Usiku tatu, 135. Betri yenyewe ilikuwa ya 150, tena siyo mpya. Ilibaki nini cha kuzungusha starta?

Sasa linganisha. Laptopu peke yake ikichajiwa kwa Taipu C kutoka kwenye volti 24, tuseme inakula wati 45 kwa saa nne. Hizo ni kama ampea-saa saba na nusu, weka tisa pamoja na upotevu, na zinatoka kwenye betri zote mbili sawasawa. Hazitaamka hata kukuuliza. Laptopu ikifungwa vizuri haina ugomvi na betri. Anayekuua ni friji, runinga na invata iliyoachwa inawaka bure usiku kucha, kwa sababu invata inakula hata kama haijachomekwa kitu.

Kama una kitu cha volti 12 ambacho lazima ukitumie, funga kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12. Kinavuta kwenye zote mbili. Usivute kwenye betri moja hata kama fundi ni shemeji yako.

Namna ya kupima kabla ya kulala, nayo ina mitego yake. Betri zilizojaa na kupumzika zinasoma karibu 25.4 kwa pamoja. Zikifika 24.4 ziko karibu na nusu. Mimi nazima kila kitu zikifika 24.6, na kama ni baridi ya Makambako nazima mapema zaidi, kwa sababu betri ya baridi ni mvivu na enjini ya baridi ni nzito. Lakini usipime mara tu baada ya kuzima gari. Utasoma 26 na utafurahi bure, hiyo ni povu la juu tu. Subiri kama saa moja ndiyo upime. Wala usitegemee kengele ya invata kulia. Nyingi zinalia zikiona 21 na kujizima kwenye 20, na hapo zinajilinda zenyewe, habari ya starta yako hazina. Mara moja kwa mwezi pima betri moja moja enjini ikiwa imezimwa. Zikipishana zaidi ya pointi mbili, mfano 12.7 na 12.4, kuna kitu kinakula upande mmoja. Kitafute kabla hakijakutafuta wewe.

Chomoa kila kitu kabla ya kuwasha gari. Starta ikivuta, volti zinaporomoka na kurudi kwa kishindo.

Na usiwashe enjini usiku kucha eti unachaji laptopu. Dizeli inakwenda, na kifaa cha kufuatilia gari kinamwambia tajiri kila dakika enjini ilipounguruma gari likiwa limesimama. Chaji ukiwa unatembea. Gari likiwa barabarani laptopu imelala ndani ya begi lake juu ya kitanda, imechomekwa, inajaa. Ukifika Ilula au Mafinga kulala, una saa nne au tano za kazi kabla hujagusa betri ya gari.

Hatua ya 5: Laini

Tanzania beba laini za mitandao miwili, kwa sababu hakuna mmoja unaokushika kutoka Chalinze mpaka Tunduma bila kukuacha mahali. Mimi kwenye mlima wa Kitonga sitegemei chochote. Laini ziwe zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA na kidole chako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na ukikuta usiyoijua nenda ukaifute.

Tunduma ina mtego wa peke yake. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na minara ya Zambia inakufikia ukiwa bado unakunywa chai Tanzania. Simu inahamia huko kimyakimya, na kama data ya nje umeiacha wazi, salio linayeyuka ukiwa hata mizani ya Mpemba hujaisahau. Kabla ya kuingia Tunduma zima data ya nje, na kwenye mipangilio ya mtandao ondoa kuchagua chenyewe, chagua mtandao wako kwa mkono. Ukirudi kutoka Zambia fanya hivyohivyo kwa laini ya kule.

Zambia kuna MTN, Airtel na Zamtel. Nenda na pasipoti kwenye duka lao wenyewe ukasajili. Vijana wa Nakonde watakuuzia laini iliyokwisha kusajiliwa, na kwa siku mbili utaona umewahi. Ikifungwa, bando limekwenda nayo, na kama mwenye jina ana kesi yake, utajibu wewe uliyeishika. Usidhani pia kuwa Airtel ya Tanzania na Airtel ya Zambia ni pochi moja kwa kuwa rangi ni moja. Ni laini mbili.

Ukivuka Kasumbalesa, Vodacom, Airtel na Orange zote zipo. Lubumbashi Kiswahili kitakufikisha, ila ukiomba "bando" watakutumbulia macho. Omba mega. Na vocha ni inite.

Hatua ya 6: Ruta

Kwa siku mbili tatu hotspoti ya simu inatosha. Kwa maisha ya barabarani, hapana. Simu inapata joto, inajizima, mtu anapiga intaneti inakatika, na jioni huna simu wala laptopu. Kama huna kingine, tumia simu kwa waya wa USB badala ya waifai. Simu inachaji hukohuko na mtandao hautetereki.

Mimi natumia ruta ndogo ya mfukoni ya 4G, isiyofungwa na mtandao mmoja. Sisitiza hapo dukani, kwa sababu zile zinazouzwa na mitandao kwa bei ya zawadi mara nyingi zimefungwa, na ukifika Nakonde ukaweka laini ya Zambia inakuonyesha kufuli. Toka na laini mbili za mitandao tofauti, ziweke zote dukani, uone zinashika.

Kabini ni boksi la bati. Ruta ikikaa kwenye droo au chini ya kitanda umeifungia ndani ya sufuria. Ikaribishe kwenye kioo cha mbele, ila siyo juu ya dashibodi juani, betri yake itavimba kama andazi. Ya kwangu nimeining'iniza kwenye reli ya pazia, upande wa abiria, kivulini. Dogo aliihamisha yake kutoka kwenye droo mpaka kwenye reli tukiwa Igawa, alama zikapanda kutoka moja hadi tatu bila kununua kitu.

Zile antena za sumaku za kubandika juu ya kabini zinasaidia vijijini, lakini waya wake ukizidi mita tano faida inaishia njiani. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi ni za kumvutia mnunuzi. Ukiona 4G inakataa lakini 3G ipo, ilazimishe ruta ikae 3G. Barua pepe itapita polepole, badala ya ruta kuhangaika kati ya minara usiku kucha.

Setelaiti: Starlink ilianza Zambia mwaka 2023, na sahani yao ndogo inapokea umeme wa volti 12 mpaka 48, maana yake volti 24 zetu zinaitosha. Lakini kifaa cha setelaiti kinahitaji kuruhusiwa katika kila nchi unayoingia nacho, na mpakani ndipo utakapoulizwa. Kabla hujakitia garini waulize TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, na wenzao wa kila nchi ya njia yako. Mimi sijafunga.

Hatua ya 7: Funga mdomo wa laptopu

Laptopu haijui kwamba uko Serenje, Zambia, na bando la wiki. Ikiona waifai inadhani imefika nyumbani kwa tajiri: inashusha masasisho ya Windows, GB nzima nzima, inapandisha picha mtandaoni, inasasisha hata programu ya printa ambayo huna. Kwenye Windows fungua mipangilio ya waifai uliyounganishwa, washa kipengele cha "Metered connection". Kifanyie kila jina la waifai unalotumia, la ruta na la simu, kwa sababu kila moja linahesabiwa peke yake. Kisha simamisha OneDrive na ndugu zake wanaopandisha mafaili mtandaoni. Zima video zinazojicheza zenyewe.

Masasisho yashushe ukiwa nyumbani. Usiyakatae moja kwa moja, virusi navyo vinasafiri.

Hatua ya 8: Fanya kazi mtandao haupo

Kuna vipande virefu vya pori kati ya Mpika na Serenje ambako hata ukipanda juu ya tela hupati kitu. Kwa hiyo shusha kila unachohitaji ukiwa mjini, Mbeya au Tunduma, andika bila mtandao, tuma ukifika penye mnara. Dogo alikuwa anaandika moja kwa moja ndani ya kivinjari. Mtandao ukikatika ukurasa unajifungua upya, aya tatu zimekwenda. Tukamwekea programu ya kawaida ya kuandikia, inahifadhi kwenye diski, na nakala ya pili kwenye flashi inayokaa mfuko wa shati.

Usiku ukiegesha, funga pazia ndiyo ufungue laptopu. Kioo chenye mwanga wa bluu Kapiri Mposhi ni tangazo.

Hatua ya 9: Saa

Hii sikuwa nayo kwenye orodha, ilijileta yenyewe. Kazi ya dogo ilikuwa inafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku. Tulikuwa tumeshavuka, tumeegesha Nakonde, ruta inashika vizuri, betri 25.2, yeye anapitia ukurasa wa mwisho kwa raha zake na chapati mkononi. Nikamuuliza vipi, hutumi? "Bado kaka, saa tano kasorobo sasa hivi." Saa yangu ya mkononi, ambayo siigusi nikivuka mpaka, ilikuwa inasoma saa sita kasorobo.

Zambia na Lubumbashi wako nyuma yetu saa moja, na laptopu ilijirudisha yenyewe mara tu ilipoonja mtandao wa kule. Chuo kiko Dar na kinahesabu saa ya Dar. Chapati ikaanguka chini ya pedali. Kazi ilikwenda ikiwa imebaki dakika nne, bila jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, akalazimika kumwandikia mwalimu asubuhi.

Fungua mipangilio ya tarehe na saa, zima kipengele cha kupanga ukanda wa saa chenyewe, kisha chagua kwa mkono. Dar es Salaam hutaiona kwenye orodha ya Windows. Chagua Nairobi.